Sanduku la AVEC lina kufuli tatu, ordinateri ya koperative iko na kichwa cha mtu mmoja



Kuna asubuhi moja nilifika kwenyi koperative fulani ya kando ya ziwa, kwa barabara ya kutoka Uvira kwenda Baraka. Jina lake naliacha, juu shida yao inaweza kuwa yenu, na yetu sisi wa Mboko pia. Nilikuwa nimeenda kuangalia vijiti vya muhogo. Nikakuta watu wamejaa mbele ya depo kama siku ya soko, na hakuna mtu anayepima kitu wala anayecheka.

Ilikuwa siku ya kulipa. Tangu mavuno wakulima walikuwa wameweka mpunga wao mule ndani, wakangoja bei ipande, mpunga ukauzwa, na sasa kila mtu alikuja kuchukua sehemu yake. Feza zilikuwa pale, kwenyi kasa. Kilichokosekana ni liste: nani aliweka mifuko mingapi, nani alikwisha kuchukua avansi, nani bado anadaiwa mbegu. Liste ilikuwa ndani ya ordinateri, na ordinateri ilifunga mlango.

Ile ordinateri njo wanayoita seriveri, maana yake mashini moja inayoweka daftari yote ya koperative, na zile ndogo mbili za magazinie na kesie zinaomba habari kwake. Ukiwasha, inakuletea ekrani ya kuingilia: jina lako hapa, neno la siri hapa. Kesie aliandika jina, akaandika neno, mashini ikajibu kwamba neno si sahihi. Akarudia. Akarudia tena. Nilipofika ilikuwa saa tatu, na walikuwa pale tangu saa moja.

Mzee presida alikuwa amekwisha kumtafuta sekretere kwa simu. Sekretere alikuwa amevuka ziwa kwenda Kigoma kwa biashara yake, na neno lile kubwa la siri, lile linalofungua seriveri yenyewe, lilikuwa ndani ya kichwa chake tu. Simu ilipopita, alilisema herufi kwa herufi, na juu mtandao ulikuwa mbaya, presida alilirudilia kwa sauti kubwa. Watu kama ishirini walisikia. Basi siri ikawa si siri tena, na mashini bado inakataa.

Hapo njo nilianza kuogopa. Watu hawakusema tena juu ya mashini, walianza kusema juu ya mtu. "Ametudanganya." "Amebadilisha modepasi kabla ya kuvuka, mutaona." Baba mmoja akasema waende kwa familia yake. Mama mmoja mjane, aliyeweka mifuko kumi na miwili na ambaye watoto wake walikuwa wamefukuzwa masomoni juu ya minervali, alinishika mkono akaniambia: "Mwanangu agronoma, wewe umesoma, tuambie kweli, zile mifuko zetu ziko ndani ya ile kitu ao zimekwisha kuibiwa?" Sikuwa na jibu. Pembeni, kijana mmoja anayetengeneza masimu kwenyi senta alikuwa anajitolea kuformata mashini kwa bei ndogo. Kuformata, ndugu zangu, ni kufuta. Ni kama mtu anakuja kutafuta ufunguo uliopotea, anaanza kwa kuchoma nyumba.

Mimi si mtu wa informatike. Nilisoma agronomia kwenyi institute, na ordinateri nilijifunza kwa kuitumia. Lakini agronomia inafundisha kitu kimoja kinachofaa hapa pia: usitibu jani kabla ya kuliangalia. Mkulima anaona muhogo wake umekuwa na majani ya njano, anasema ni mozaiki, anang'oa shamba lote. Kumbe mozaiki inakunja jani na kuligawanya mabaka. Njano peke yake, jani likiwa limenyooka, linaweza kuwa udongo umechoka tu. Na kuna ule ugonjwa mwingine wa michirizi ya kahawia, ambao majani yake yanakudanganya karibu hadi mwisho, ukichimba njo unakuta mizizi imeoza. Alama zinafanana kwa mbali. Ukikaribia, hazifanani.

Nikakaribia. Kitu cha kwanza nilichoona ni kwamba klavye ilikuwa mpya, ingali na plastiki. Nikauliza. Kesie akasema ile ya zamani ilimwangikiwa chai, na siku ya posho alinunua ingine kule Baraka, na mashini ilikuwa haijawashwa tena tangu pale, juu wanachunga batri za plake solere. Nikaangalia mstari wa juu wa herufi. Ile ya zamani, kama mashini nyingi zinazotoka njia ya Kifaransa, ilianza A, Z, E, R, T, Y. Hii mpya ilianza Q, W, E, R, T, Y. Ni ya Kiingereza, kama nyingi zinazopitia Dar es Salaam na Kigoma. Lakini mashini yenyewe hakuna aliyeiambia kwamba klavye imebadilika. Kwake, pale unapobonyeza Q bado ni A.

Tuchukue mfano, juu lile neno lao sitaliandika hapa. Tuseme neno la siri ni mawese2019. Kwenyi ile klavye mpya unabonyeza M, mashini inaandika alama ya mkato. Unabonyeza A, inaandika q. Unabonyeza W, inaandika z. Zile e na s zinabaki sawa. Halafu namba: kwenyi mpango wa Kifaransa, namba za juu zinatoka tu ukishikilia ile kifungo ya herufi kubwa, na usipoishikilia 2 inakuwa é, 0 inakuwa à, 1 inakuwa &, 9 inakuwa ç. Kwa hiyo kesie aliandika mawese2019 kwa uaminifu wote, na mashini ikasoma ,qzeseéà&ç. Na juu ekrani haionyeshi herufi za siri, inaonyesha tu vidoti, hakuna aliyejua. Vidoti ni vidoti.

Namna ya kujua ni rahisi, na mtoto wa darasa la sita anaweza kuifanya. Ondoeni watu kwenyi chumba, andikeni lile neno mahali pa jina, pale ambapo herufi zinaonekana, muangalie kinachotoka. Kisha mufute bila kubonyeza ile kifungo ya kukubali, juu mashini zingine zinaandika kwenyi kumbukumbu yao kila jina lililojaribiwa, na neno lenu litabaki humo. Sisi tuliona ule ubaya mara moja. Nikamwambia kesie abonyeze mahali pa herufi, si herufi yenyewe: M iko pale penye nukta na mkato, A iko pale penye Q, Z iko pale penye W, na namba kwa kushikilia. Aliandika polepole kama mtu anayepanda karanga moja moja. Mlango ukafunguka.

Dakika tano ilikuwa imetosha. Lakini tangu saa moja mpaka saa ine watu walikaa pale, jina la mtu lilipakwa matope mbele ya watu wote, na kidogo tu daftari ya mpunga wa familia nyingi ifutwe.

Sasa niseme ninachofikiri. Ile klavye si shida. Klavye ni bahati mbaya. Shida ni kwamba kwenyi koperative nzima, yenye komite ya usimamizi na komite ya ukaguzi, hakukuwa na mahali pengine popote palipo na ule ufunguo isipokuwa kichwa cha mtu mmoja aliyevuka ziwa. Leo alikuwa Kigoma. Kesho anaweza kuwa hospitali, ao kaburini, Mungu atuchunge.

Wamama wetu wa AVEC hawakubali mambo ya namna hiyo. Munajua sanduku lao: kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu, na sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa ine asiye na ufunguo hata mmoja. Njia hiyo ilianza Niger mwaka 1991 na wamama wa kule Maradi waliosaidiwa na CARE, na ilifika mpaka kwetu juu iko na akili. Hakuna anayemwambia mama wa ufunguo "wewe ni mwizi". Zile kufuli zinamlinda hata yeye, ili feza zikipungua wasimtazame peke yake. Sasa namna gani sanduku la franka kidogo la wamama kumi na watano liko na kufuli tatu, na daftari ya koperative nzima iko na kichwa kimoja?

Wengine watasema: basi tumpe kila mtu modepasi. Apana. Hilo ni baya vilevile. Wote wakiingia kwa jina moja, siku ile mifuko ya mtu inatoka kumi na miwili inakuwa tisa, utamuuliza nani? Kesie aingie kwa jina lake, magazinie kwa lake, sekretere kwa lake, na kila mmoja achunge neno lake kama anavyochunga meno yake. Lile neno kubwa la seriveri njo liandikwe kwa karatasi, kwa herufi za kusomeka, pamoja na klavye ya aina gani lilifanyiwa, liwekwe ndani ya anvelope, anvelope ifungwe kwa gundi, presida na mkaguzi watie sinyatire kwenyi mfungo na kashe juu yake. Anvelope mbili: moja kwenyi kasa, ingine kwa komite ya ukaguzi. Siku mukiifungua, muandike kwenyi kaye tarehe na sababu na waliokuwepo, muweke neno jipya na anvelope mpya. Na siku sekretere anapotoka kazini, kwenyi remizi na reprizi, pamoja na funguo za depo na kashe, arudishe na hilo, na libadilishwe siku ileile. Nimeona remizi na reprizi ambazo walihesabu hata viti vilivyovunjika na hawakuuliza neno la seriveri.

Na hapa sisi wa mashirika tusijifiche. Mara ngapi tulileta mashini nzuri, tukapiga picha, tukafundisha vijana wawili kwa siku mbili, proje ikaisha, na neno la siri la msimamizi likaenda na tekinisie wetu Bukavu? Mimi mwenyewe nilishatia sinyatire kwenyi karatasi ya kupokea vifaa, nikahesabu batri na waya, na hilo sikuuliza. Basi muulize nyinyi. Mtu akiwaletea seriveri, musitie sinyatire mpaka awape neno kwa maandiko na mmoja wenu aingie nalo mbele yake, mashini ikiwa imezimwa na kuwashwa upya.

Nirudi kidogo kwa mashini, juu si kila mara ni klavye. Kama inasema neno si sahihi, angalieni kwanza taa ya herufi kubwa, ile wanayoita Verr Maj, kisha kifungo ya namba upande wa kuume, kisha aina ya klavye. Na musijaribu jaribu mara kumi. Mashini zingine ukikosea mara kadhaa zinafunga lile jina kwa dakika kumi ao zaidi, hata ukiandika vizuri zinakataa, na munazidi kuchanganyikiwa. Nendeni munywe chai, murudi.

Ikiwa inakubali neno, ekrani inageuka kidogo, kisha inakurudisha palepale pa kuingilia, hiyo ni hadisi ingine kabisa. Neno ni zuri. Mara nyingi disiki imejaa, na mashini haina hata kanafasi ka kuandika kwamba umeingia. Ni ule muhogo wa michirizi: majani mazuri, mizizi imeoza. Kwenyi seriveri moja niliyoona, kilichojaza disiki hakikuwa hesabu za mpunga hata kidogo, ni filme na miziki za vijana wa zamu ya usiku. Hapo kuformata ni dhambi. Mtu anayejua, hasa kwa zile za Linux, anaweza kupita mlango wa pembeni, kwa kubonyeza Ctrl, Alt na F3 pamoja, ekrani nyeusi ya maandiko inakuja, anaingia na lilelile neno, anaangalia nafasi iliyobaki, anatoa takataka. Muite huyo mtu, na mukae naye mkiangalia anachofuta.

Na ikiwa haifiki hata pa kuuliza jina, inabaki nyeusi ao inaandika mambo ya disiki, fikirini umeme. Huku kwetu mashini haizimwi, inakufa: batri zinaisha saa moja ya usiku katikati ya kazi. Kila mara disiki inapokatwa hivyo ni bahati tu kwamba inaamka. Mukiona taa ya batri inashuka, muzime vizuri, hata kama mama aliye mbele ya meza bado moja tu. Kuna na ile batri ndogo ya duara kama franka, inayochunga saa ndani ya mashini. Ikichoka, kila asubuhi ordinateri inaamka ikifikiri ni mwaka wa zamani sana, resu zinatoka na tarehe za uongo, na programu zinazoenda kwenyi intaneti zinakataa kuwapokea. Musimfukuze kesie kwa hilo. Iko na jina CR2032, inauzwa kwa wenye kutengeneza masaa.

Najua wazee wengine wanasoma hii na kusema: njo maana tulisema turudie kaye. Nawasikia. Ile siku ya mpunga, kama kungekuwa na kaye, watu wangelipwa saa mbili. Lakini kaye nayo tunajua historia yake huku Fizi. Tulikimbia mwaka 1996, tukakimbia tena 1998, watu walipanda mitumbwi kwenda Tanzania na watoto mgongoni, na karatasi za shamba na za shule zikabaki zikaliwa na moto na mchwa. Uvira, mwezi wa ine mwaka 2020, maji yaliingia kwenyi manyumba usiku, na karatasi zikiloa matope hazisomeki tena. Daftari ya aina moja tu, ya mahali pamoja tu, haitoshi, iwe ya karatasi ao ya umeme.

Basi vyote viwili. Mwisho wa kila mwezi liste itoke kwa karatasi, kila mwanamemba na mifuko yake na avansi yake, kila ukurasa na sinyatire. Madeni ya watu yasibandikwe ukutani, hiyo ni kuleta ugomvi. Liste ikae kwa komite ya ukaguzi na kila mtu aje aone mstari wake. Nakala ya seriveri iwekwe kwenyi flashi mbili, moja ilale mbali na depo, na mara kwa mara muifungue kwenyi mashini ingine kuona kama kweli iko na kitu ndani. Hata sheria ya OHADA juu ya koperative, iliyopitishwa Lomé tarehe 15/12/2010, nasi tunaifuata tangu Congo iliingia OHADA mwaka 2012, inaomba daftari ya wanamemba ichungwe kwenyi makao ya koperative. Daftari iliyo ndani ya mashini isiyofunguka haijachungwa.

Gharama ya haya yote ni anvelope mbili, flashi mbili, karatasi na wino. Hakuna haja ya kungoja proje. Inaomba tu mwanamemba mmoja asimame kwenyi mkutano mkuu unaokuja, aulize komite mbele ya wote: leo sekretere akiwa hayuko, nani anafungua? Wakicheka, arudie swali. Na wakijibu, aombe wafungue palepale.

Ile koperative nilipita tena baada ya miezi. Yule mama mjane alilipwa ile siku, mifuko kumi na miwili, kasoro deni la mbegu alilolikubali mwenyewe. Sekretere aliporudi kutoka Kigoma walimwita, wakamwambia yote yaliyosemwa juu yake, na mzee presida akaomba msamaha mbele ya mkutano. Alipokea, lakini aliniambia kwamba kwa wiki mbili bibi yake hakuenda sokoni juu ya haya. Sasa neno kubwa liko ndani ya anvelope mbili, na imefunguliwa mara moja, tarehe iko kwenyi kaye. Klavye bado ni ileile ya Kiingereza. Mashini imeambiwa sasa, na juu ya plastiki kesie alibandika kajikaratasi kadogo kenye herufi sita za mwanzo.